Nairobi hadi New York katika daraja la kawaida: upande ndege ya moja kwa moja au ukaunganishe njiani?

Kila msimu wa likizo unapokaribia, swali hili hurudi katika familia zenye ndugu Marekani. Tumpandishe mama ndege ya Kenya Airways inayokwenda New York bila kutua, au tumkatie tiketi ya kupitia Doha, Dubai, Amsterdam au Addis Ababa? Wengi huamua kwa bei peke yake. Sisemi bei ipuuzwe, maana kwa familia ya watu wanne tofauti yake inaweza kulipa karo ya muhula mzima. Lakini kwenye safari ya zaidi ya nusu siku hewani, dola mia ulizookoa waweza kuja kuzilipia kwa magoti na mgongo, na kwa mzazi aliyepotea njia kwenye uwanja wa watu.

Tuanze na ndege yenyewe. Kenya Airways, kwa kifupi KQ, ilizindua safari hii tarehe 28 Oktoba 2018. Mwaka uliotangulia, Februari 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilikuwa imeipandisha Kenya hadi daraja la kwanza la usalama wa anga, na bila hatua hiyo shirika la Kenya lisingeweza kupeleka ndege zake huko. Ndege inayotumika ni Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner, yenye viti 234. Viti 30 ni vya daraja la biashara na 204 ni vya daraja la kawaida. Makala haya ni ya hao 204.

Umbali: hapa ndipo watu hukosea hesabu

Nairobi hadi New York kwa njia iliyonyooka ni takriban kilomita 11,800. Kwenda huchukua kama saa 15. Kurudi huwa kama saa 14, kwa sababu upepo wa juu kabisa angani huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huisukuma ndege badala ya kuizuia.

Msafiri akisikia saa 15 hushtuka. Husema, afadhali nipitie Dubai au Doha, nipumzike katikati. Ni wazo zuri mpaka uangalie ramani. Nairobi hadi Dubai au Doha ni safari ya saa tano hivi, tena umeelekea kaskazini-mashariki, wakati New York iko magharibi. Ukitoka Ghuba kwenda New York ni saa 14 nyingine, kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo ile safari ndefu uliyoikimbia hukuikimbia hata kidogo. Umeipunguza kwa saa moja tu, kisha ukaongeza saa tano mbele yake na saa kadhaa za kungoja uwanjani. Ukijumlisha, umeruka zaidi ya kilomita 14,000, na tangu mlango wa ndege ya kwanza ulipofungwa Nairobi mpaka wa pili unapofunguliwa New York, zimepita saa 21, 24 au hata zaidi.

Njia ya Ulaya ni tofauti kabisa, na nashangaa inavyosahauliwa. Nairobi hadi Amsterdam ni kama saa nane. Amsterdam hadi New York ni kama saa nane tena. Jumla yake ni takriban kilomita 12,500, yaani umepinda kidogo tu kutoka kwenye mstari ulionyooka. Kama tatizo lako ni kukaa kitini muda mrefu bila kunyoosha mwili, basi Amsterdam au Paris ndiyo njia inayoikata safari katikati kwelikweli. Ghuba haiikati. Mtu mwenye maumivu ya mgongo, au ambaye daktari amemwambia asikae muda mrefu, aanze kuangalia Ulaya kabla ya kuangalia bei.

Jambo la damu kuganda miguuni si hadithi za kutishana. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu mtu anaposafiri saa nne au zaidi akiwa amekaa bila kujongea. Kwa mtu mwenye afya bado ni hatari ndogo. Lakini kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuugua maradhi hayo, aonane na daktari kabla ya kukata tiketi, na aulize kuhusu soksi za kubana.

Kiti chenyewe

Dreamliner ya KQ ina viti tisa kwa safu: vitatu, njia, vitatu, njia, vitatu. Upana wa kiti kwenye ndege za aina hii zilizopangwa hivyo ni kama sentimita 44. Kwenye Boeing 777 za Emirates safu ina viti kumi, vitatu, vinne, vitatu, na kiti ni chembamba kidogo. Airbus A380 ya Emirates nayo ina viti kumi kwa safu, lakini mwili wake ni mpana zaidi, hivyo mabega hupata nafasi. Ukipata A350 ya Qatar Airways yenye viti tisa kwa safu, hapo umekaa vizuri kuliko kote nilikotaja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, usitazame jina la shirika tu. Tazama aina ya ndege iliyoandikwa kwenye kila kipande cha safari. Shirika moja linaweza kukupa kiti kizuri leo na cha kubana wiki ijayo, kwa njia ileile.

Kuna jambo moja ambalo Dreamliner na A350 huzishinda 777 na ndege nyingine za zamani, nalo ni hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hushikiliwa katika kiwango fulani cha mwinuko. Ndani ya Dreamliner ni kama uko kwenye mlima wa mita 1,800, kimo kisichopishana sana na Nairobi yenyewe. Ndege nyingi za zamani hukupa hewa ya mita 2,400 hivi, tena kavu zaidi. Kwa saa tano hutaona tofauti. Kwa saa 15 utaiona kwenye koo, midomo na kichwa, na utaiona zaidi asubuhi ya kufika.

Halafu kuna usiku. KQ imezoea kuondoka Nairobi karibu na saa sita usiku na kutua New York alfajiri au asubuhi mapema. Kwa kuwa ndege inakwenda magharibi, giza linakwenda nayo, na karibu safari nzima ni usiku mmoja mrefu. Dirisha la Dreamliner halina pazia la kushusha. Kuna kitufe chini yake, na kioo chenyewe hugeuka buluu nzito mpaka nje pasionekane. Chakula cha kwanza kikishaondolewa, taa huzimwa, na kinachobaki ni vimwanga vya skrini hapa na pale na watoto wawili watatu wanaobembelezwa. Mwili uliozoea saa za Afrika Mashariki hupata usingizi bila kushurutishwa. Ukichukua ndege ya asubuhi kutoka Dubai au Doha, mchana hukufuata njia nzima, na unafika New York alasiri ukiwa hujui kama unataka chakula au kitanda.

Saa ya kumi na kuendelea ndiyo ngumu, hilo nalisema wazi. Usingizi umekwisha, ramani kwenye skrini inaonyesha Atlantiki tupu, na kandokando ya jiko la nyuma wamekusanyika watu waliosimama wakijinyoosha, mmoja akiomba maji, mwingine akiinua visigino. Nenda ukasimame nao. Ndiyo maana nashauri kiti cha kwenye njia katika ule mpangilio wa viti vitatu vya katikati. Wa katikati ana pande mbili za kutokea, hivyo hakuamshi kila anapotaka kwenda msalani. Dirishani kunapendeza kwa atakayelala fofofo, ila ukishaamka una magoti ya watu wawili ya kuruka.

Nani anasafiri?

Kwangu mimi, hili ndilo swali la kwanza, na bei ni la pili.

Kama anayesafiri ni mzazi, anakwenda peke yake, hajawahi kupanda ndege ndefu na Kiingereza chake ni cha salamu, mnunulie ya moja kwa moja. Sioni haja ya kuzungukazunguka hapa. Viwanja vya Doha na Dubai ni vizuri na safi, lakini vimejengwa kwa ajili ya mtu anayesoma mabango. Geti hubadilika, na baadhi ya mageti ni mpaka upande treni ndogo ya ndani. Nimekaa kwenye uwanja mmoja wa kubadilishia ndege karibu na mama wa makamo aliyevaa kanga juu ya koti, ameshika pasi yake ya kupandia kwa mikono miwili, akimwonyesha kila mtu anayepita mwenye sura ya kwao. Geti lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa limeshabadilishwa kwenye ubao. Alikuwa na zaidi ya saa moja, lakini hakujua kwamba ubao ule ulikuwa unamhusu. Kijana mmoja Msomali alimchukua mkono akampeleka. Je, kama asingepita?

Kwenye ndege ya moja kwa moja, familia inamwacha mlangoni Jomo Kenyatta na nyingine inampokea JFK, uwanja wa ndege wa New York. Katikati hakuna uamuzi wa kufanya. Wahudumu wanazungumza Kiswahili. Akitaka maji atasema maji, akiumwa tumbo atasema anaumwa tumbo, na hilo haliandikwi kwenye bei ya tiketi.

Kwa njia yoyote utakayochagua, mwombee msaada wa kiti cha magurudumu kama hawezi kutembea mwendo mrefu. Mwambie shirika saa 48 kabla. Msaada huo haulipiwi, na mhudumu atamchukua kutoka mlango wa ndege mpaka uhamiaji na mizigo. Mwandikie pia karatasi yenye jina, anwani na simu ya anayempokea, aiweke pamoja na pasipoti. Afisa wa uhamiaji atauliza anakwenda kwa nani na atakaa muda gani, na karatasi hiyo humpa jibu hata akibabaika.

Kwa mwenye watoto wadogo jibu si jepesi hivyo. Wapo watoto ambao saa 15 mfululizo huwashinda, na saa mbili za kukimbiakimbia uwanjani huwaponya. Wapo wengine ambao ukishawalaza Nairobi wanaamka Atlantiki, na kuwaamsha usiku wa manane Doha ni kuharibu kila kitu. Mzazi ndiye anayemjua mwanawe.

New York si mwisho wa safari ya kila mtu

Hapa ndipo ndege ya moja kwa moja hupoteza sehemu ya faida yake, na ni haki kulisema. Watu wetu wengi hawakai New York. Wako Dallas, Houston, Seattle, Minneapolis, Atlanta, Boston. Kwa sheria ya Marekani, uwanja wa kwanza unaotua ndiko unakopitia uhamiaji, unachukua mabegi yako, unapita forodha, kisha unayakabidhi tena kwa ndege ya ndani. Kwa hiyo anayekwenda Dallas kwa KQ atatua JFK baada ya saa 15, asukume mabegi mawili, ayarudishe, apite ukaguzi upya, kisha aruke saa nne nyingine. Emirates na Qatar Airways zote zina ndege zinazotoka Ghuba na kutua Dallas, Houston, Seattle na Boston zenyewe. Msafiri huyo angebadilisha ndege mara moja tu, na mabegi angeyaona Dallas.

Mwenda Minneapolis naye afikirie Amsterdam. Delta, mshirika wa KLM, ina ndege ya kutoka Amsterdam mpaka Minneapolis moja kwa moja. Nairobi, Amsterdam, Minneapolis: vipande viwili vya saa nane na tisa hivi. Kwa safari hiyo sioni njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa anayekwenda New York, New Jersey, Connecticut au Pennsylvania ya mashariki, ambako gari hukufikisha nyumbani ndani ya saa chache, ya moja kwa moja haina mpinzani.

Usiyeanzia Nairobi

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Kigali au Entebbe, "moja kwa moja" si moja kwa moja. Ataruka saa moja na kitu mpaka Nairobi, angoje, kisha aanze saa 15. Bado atabadilisha ndege mara moja, sawa na angepitia Doha au Dubai, na mashirika yote mawili yanatua Dar. Jumla ya saa hewani bado ni ndogo kwa Nairobi, na wahudumu bado ni wa lugha yake. Lakini ule ubora wa kutobadilisha ndege, ambao ndio unaostahili kulipiwa zaidi, haupo tena. Hapo ndipo nakubali bei iamue.

Kwa wa Mombasa, kuna wanaopanda treni ya SGR ili kuokoa nauli ya ndege ya ndani. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, si mbali na uwanja wa ndege, na ndege huondoka usiku. Inawezekana kabisa, ila panda treni ya asubuhi. Ya alasiri inakubakizia muda mdogo mno, na treni ikichelewa hakuna atakayekulipa tiketi ya New York.

Hilo linanileta kwenye onyo ambalo ningependa kila mtu alisikie: usiunganishe safari kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Ukinunua Dar hadi Nairobi peke yake na Nairobi hadi New York peke yake, ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote. Zikiwa kwenye tiketi moja, ni jukumu lao kukutafutia nafasi nyingine.

Addis Ababa

Ethiopian Airlines huwa na bei ya kuvutia na miji mingi ya kuchagua. Fahamu jambo moja tu. Uwanja wa Bole uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege nzito iliyojaa mafuta ya kuvuka Atlantiki hupata shida kuruka. Ndiyo sababu safari zake za kwenda Marekani zimezoea kutua mahali katikati, kwa mfano Lomé kwa zile za Newark, kujaza mafuta au kuchukua abiria. Kwa hiyo anayetoka Nairobi huruka na kutua mara tatu anapokwenda. Kwa kijana mwenye afya na begi moja, ni dili zuri. Kwa mzee, siipendekezi.

Ndege isipoondoka

Ya moja kwa moja ina udhaifu wake, nao ni huu: iko moja. Ikiahirishwa, hakuna ya saa sita baadaye. KQ ina Dreamliner tisa, na mwaka 2025 kadhaa zilikaa chini kwa uhaba wa injini na vipuri, tatizo lililoyakumba mashirika mengi duniani, na kampuni yenyewe ililitaja katika hesabu zake za nusu mwaka. Mashirika ya Ghuba yana ndege zaidi ya moja kwa siku kutoka Nairobi na kundi kubwa la ndege nyuma yake. Kama unawahi harusi, mtihani au mahakama, usipange kufika siku ileile. Jipe siku mbili za akiba, hata kwa ndege unayoiamini.

Chakula, intaneti na mizigo

Nyama ya Emirates na Qatar yote ni halali, hilo halihitaji kuulizwa. Kwingine agiza chakula cha Kiislamu angalau saa 24 kabla, na upate uthibitisho.

Qatar Airways imefunga intaneti ya Starlink kwenye Boeing 777 zake, na abiria wa daraja la kawaida huitumia bure. Kwingineko, pakua unachotaka kutazama ukiwa bado nyumbani. Emirates nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, hairuhusu kutumia pawabenki ndani ya ndege, ingawa unaweza kubeba moja kwenye mzigo wa mkononi. Kwa shirika lolote, usiiweke kamwe kwenye begi la chini.

Mizigo haitofautishi sana mashirika haya: tiketi nyingi za Marekani hutoa mabegi mawili ya kilo 23. Hila iko kwenye tiketi za bei ya chini kabisa, ambazo siku hizi hupunguza mpaka begi moja, na la pili ukilipia uwanjani faida yote ya bei imeyeyuka. Tafuta maandishi 2PC kwenye tiketi kabla ya kulipa. Dagaa na majani ya chai havina neno ukiviandika kwenye forodha. Nyama na matunda mabichi huishia pipani JFK.

Kila badiliko la ndege ni nafasi nyingine ya begi kubaki nyuma, hivyo wa kuunganisha wabebe dawa na nguo za siku moja mkononi. Begi likifika limevunjika, andika malalamiko ndani ya siku 7. Likichelewa, una siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa. Muda huo umewekwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na ukipita bila barua yako, shirika halina tena wajibu wa kukusikiliza. Ripoti palepale kwenye dawati la mizigo kabla hujatoka nje, upewe namba, upige picha ya begi na ya karatasi.